Waliopitiwa na nguzo nao wakumbukwe

Nimesoma kwamba Uingereza inashauri jamii zinazopitiwa na laini mpya za umeme za juu zipewe mfuko wa pauni 200,000 kwa kila kilomita. Kwetu Uganda ni fidia ya ardhi na mazao, mara moja, basi. Sheria ya Umeme inatambua mrabaha kwa wilaya yenye bwawa la kuzalisha umeme. Je, wilaya za Nakasongola na Luwero, zinazopitiwa na laini ya kilovolti 400 kutoka bwawa la Karuma hadi Kawanda, zinapata nini? Jirani yangu hawezi kujenga wala kupanda mwembe chini ya nyaya zile, na wanawe wanadurusu kwa koroboi! Jamani, tuwe na mfuko wetu. Uanze na transfoma na kuunganishia watu umeme, hesabu zisomwe hadharani mbele ya baraza la kijiji (LC1).