Utulivu wa asubuhi nao una mwenye kuulipia

Ushauri umezagaa mitandaoni: amka saa 10 alfajiri, simu usiiguse, kaa kimya, nyoosha viungo, kunywa chai taratibu, ndipo uanze siku. Hapa Tanga una wafuasi wake, na una wanaoucheka.

Wafuasi wana hoja. Mtu akizinduka, akili haichangamki papo hapo. Ule uzito wa kichwa kwa kawaida huchukua dakika 15 hadi 30, na muda huohuo homoni ya kotisoli hupanda yenyewe kumwandaa na siku. Ukiingiza hapo ujumbe wa bosi na malumbano ya kundi la WhatsApp, unatoka kitandani umeshavurugwa. Halafu kuna jua. Sisi tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kunapambazuka karibu saa 12 mwaka mzima. London, mwishoni mwa Desemba, jua hutoka saa 2 asubuhi imeshapita. Saa zetu za mwanzo ndizo zenye ubaridi, na anayetembea Raskazone wakati huo hahitaji kushawishiwa na mtu.

Ila usingizi una hesabu yake. Mtu mzima anahitaji walau saa 7. Wa kuamka saa 10 awe amelala saa 3 usiku, na sijui ni nyumba gani ya Ngamiani inayozima taa saa 3, joto la Januari likiwa bado limejazana chumbani. Anayepunguza usingizi ili apate utulivu anajipunja. Huyo bora alale mpaka saa 12.

Kinachonikera mimi hata hivyo si saa ya kuamka. Mtazame bwana aliyekaa barazani saa 1, chai ya tangawizi mkononi, vitumbua vya moto kwenye sahani. Vitumbua vile vilianza jana: mchele umelowekwa, ukasagwa, ukatiwa tui, hamira na hiliki, ukaachwa uumuke. Kabla ya adhana ya Alfajiri mama ameshawasha jiko. Anamimina rojo kwenye vishimo vya chuma, anavigeuza kimoja kimoja kwa kijiti, moshi unamwingia machoni, na mteja wa kwanza ameshafika na bakuli lake. Umwambie nini huyo kuhusu kuanza siku pole pole?

Nitajibiwa kwamba ile ni biashara yake, na ni kweli, anapata riziki. Lakini ingia ndani. Kuna anayeamsha watoto, anayesaka soksi ya pili, anayepiga pasi sare umeme ukikatika katikati. Na kuna anayetulia. Mara nyingi hawabadilishani zamu.

(Wavuvi niwaache. Wao ratiba hupangiwa na upepo na maji.)

Kwa hiyo ushauri wenyewe siupingi; napinga kuuhubiri kama jambo la mtu mmoja. Sare zikipigwa pasi usiku, mikoba ikafungwa, na baba akachemsha chai mama akiwaandaa watoto, kuanzia saa 12 mpaka ofisi za serikali zinapofunguliwa saa 1:30 kuna nafasi ya wote wawili kukaa japo kidogo. Anayeona kushika birika kutamshushia hadhi aendelee kuletewa chai barazani, lakini asitutumie mawaidha ya utulivu.