Jiko la Kibengali ugenini: haradali kwanza, garam masala baadaye

Chakula cha Kihindi tulichokizoea pwani ya Afrika Mashariki kimeletwa zaidi na watu wa Gujarat na Kachchh, pamoja na Wapunjabi na Wagoa: chapati, sambusa, bajia, achari. Bengal haimo humo. Iko mashariki mwa India na katika nchi ya Bangladesh, kwenye delta ya mto Ganges, na watu wake wanakula wali na samaki wa maji baridi, wakipikia mafuta ya haradali. Mbengali wa Kolkata akihamia Dar es Salaam, Dubai au London kwa kazi, hatari kubwa jikoni mwake ni kugeuka Mhindi wa jumla. Anaanza kuunga kila kitu kwa kitunguu, thomu, nyanya na garam masala, kwa sababu ndivyo mikahawa na pakiti za viungo zinavyomwelekeza. Mimi nashikilia kwamba jiko la Kibengali linahama vizuri sana. Linataka vitu vichache, na vingi vyao ni vya bei ya chini, ila hivyo vichache havina mbadala wa maana. Cha kwanza ni haradali.

Mafuta ya haradali hayatiwi kitunguu yakiwa bado mabichi. Yapashe mpaka utoke moshi wa kwanza mwembamba na rangi yake nzito ya dhahabu ipauke. Hapo ule ukali unaopanda puani hupungua. Punguza moto, ngoja nusu dakika, ndipo utie viungo. Ukiruka hatua hiyo, chakula chote kitabaki na ukali mbichi unaokereketa kooni. Ukipitiliza mpaka moshi uwe mzito, mafuta yameungua: yamwage uanze upya, maana viungo havitaficha kitu. Kwenye fleti zenye king'ora cha moshi, fungua dirisha kabla ya kuwasha jiko, na usipashe zaidi ya vijiko vinne vya mezani kwa mkupuo.

Marekani na Ulaya, chupa nyingi za mafuta haya zimeandikwa kuwa ni ya kupaka mwilini tu. Sababu ni asidi ya eruki, ambayo katika majaribio ya wanyama ilihusishwa na madhara ya moyo, ingawa Bengal imeyapikia kwa vizazi na vizazi. Siungi mkono ushauri wa kuipuuza lebo. Yapo mafuta ya haradali yenye asidi hiyo kidogo, yakiwemo ya Australia, yanayouzwa kwa ajili ya kula. Ukiyakosa, pikia mafuta ya alizeti na utie kijiko cha haradali iliyosagwa mwishoni. Ladha haitafikia ile yenyewe, lakini haitapotea njia.

Cha pili ni phoron, mbegu nzima zinazotangulia kwenye mafuta ya moto. Wengi wameisikia panch phoron, mchanganyiko wa mbegu tano: uwatu, habasoda, binzari nyembamba, shamari na radhuni. Radhuni ni mbegu ndogo yenye harufu ya seleri, na nje ya Bengal ni adimu. Mahali pake watu huweka mbegu za haradali. Changanya kwa vipimo sawa, ila uwatu mimi naupunguza nusu, kwa kuwa ndio unaowahi kuungua, na ukiungua ni mchungu. Mchanganyiko huu haupondwi. Unakaa kwenye mafuta sekunde kumi na tano hadi ishirini, ukianza kupasuka mboga inaingia mara moja.

Tatizo ni kwamba panch phoron imepata jina, basi inamiminwa kwenye kila sufuria. Mpishi wa nyumbani Bengal habahatishi namna hiyo. Mchuzi mwepesi wa samaki unaanza kwa habasoda na pilipili mbichi iliyopasuliwa, na mara nyingi adesi nao huanza hivyo. Choroko zilizokobolewa, baada ya kukaangwa kavu mpaka zinukie, zinataka binzari nyembamba, jani la bei na tangawizi. Dengu za kupasua zenye vipande vya nazi zinapata mvuje kidogo. Chatini ya nyanya au embe bichi inapata mbegu za haradali au panch phoron. Ukilijua hilo, mboga moja inakupa milo minne tofauti kwa kubadili kijiko kimoja cha mbegu, na ndiyo maana kabati la viungo la Mbengali linaweza kuwa dogo kuliko la jirani yake Mhindi wa sehemu nyingine.

Sasa haradali ya kusaga, ambako watu wengi hukata tamaa. Kwa nusu kilo ya samaki chukua vijiko viwili vya mezani vya mbegu, kimoja za manjano na kimoja nyeusi. Loweka kwa maji ya baridi nusu saa, chuja, kisha saga na pilipili mbichi mbili, nusu kijiko cha chai cha chumvi na maji kidogo. Kijadi kazi hii hufanywa juu ya shil nora, jiwe bapa na mchi wake, na jiwe halipashi mbegu moto. Blenda inazipasha. Ukiiacha izunguke mfululizo, unga unapata joto, maganda yanapondeka kabisa, na matokeo yake ni uchungu ambao sukari haiuondoi. Saga kwa mikupuo mifupi, pumzisha, saga tena. Ukiona bado ni kali mno, ipitishe kwenye chujio uache maganda. Na usiikaange haradali hii kwenye mafuta kama unavyokaanga binzari: ikoroge na maji, imimine moto ukiwa mdogo, tia samaki, funika dakika nane, kisha nyunyizia kijiko kimoja cha mafuta ya haradali mabichi juu na uzime.

Samaki gani? Kila Mbengali atakujibu ilish, na hapa natofautiana na wahamiaji wengi. Ilish hutoka Ghuba ya Bengal na kupanda mitoni kutaga. Utamu wake uko kwenye mafuta yake. Bangladesh ilizuia kuuza ilish nje mwaka 2012, na tangu 2019 imekuwa ikiruhusu kiasi fulani kuelekea India karibu na sikukuu ya Durga Puja. Anayefika kwenye friza za London au Toronto mara nyingi amekaa kwenye barafu muda mrefu, na mafuta ya samaki hayaganduki bila kuharibika: yanachacha polepole, ndipo ile harufu ya uvundo inapotokea kwenye mchuzi. Kulipa fedha nyingi kwa jina la samaki ambaye ladha yake imekwisha ni hasara. Aliye Kuwait amebahatika, kwani ilish ndiye sbour wa sokoni kule. Marekani kuna shad, jamaa yake wa karibu. Pwani ya Kenya, Tanzania na Zanzibar kuna mwatiko, mwenye mafuta na miiba midogo tele, na kwenye haradali anakaa vizuri kuliko ilish aliyelala frizani mwaka mzima.

Wa kila siku si ilish hata Kolkata kwenyewe. Wa kila siku ni rui, samaki wa maji baridi, na mchuzi wake, macher jhol, ni mwepesi kama supu. Ugenini sato anatosha kabisa. Vipande vinne pakaza chumvi na manjano, acha robo saa, kisha vikaushe kwa kitambaa. Samaki anayeng'ang'ania kikaangoni ama ana maji, ama mafuta hayajapata moto. Akishabadilika rangi pande zote mtoe. Kwenye mafuta yale yale tia habasoda na pilipili, kisha viazi viwili vilivyokatwa kwa urefu. Koroga kijiko cha chai cha binzari nyembamba ya unga, nusu ya manjano na kimoja cha tangawizi katika maji kidogo, mimina, kaanga mpaka mafuta yajitenge, ndipo uongeze vikombe viwili na nusu vya maji ya moto. Viazi vikiiva, rudisha samaki dakika tano. Hakuna kitunguu, hakuna thomu, na usijaribu kuufanya mzito. Umekusudiwa kulowanisha wali.

Kinachopotea upesi zaidi ugenini ni mpangilio wa mlo. Bengal hawarundiki vyakula vyote pamoja kwenye sahani. Kinatangulia kichungu, kisha majani, dengu na kitu cha kukaanga, mboga, samaki, nyama ikiwepo, chatini ya tamutamu, mwisho maziwa mgando au peremende za maziwa. Cha kwanza hicho mara nyingi ni shukto, na viungo vyake karibu vyote viko kwenye soko lolote la Dar: karela, ndizi mbichi, kiazi kitamu, figili, biringanya, maganda mabichi ya mlonge. Kaanga karela peke yake uiweke pembeni, uirudishe dakika tatu za mwisho. Ikichemka tangu mwanzo, mchuzi wote unakuwa dawa. Usitie manjano, shukto inatakiwa kuwa nyeupe. Maziwa nusu kikombe yanaingia mwishoni moto ukiwa chini kabisa, la sivyo yanakatika.

Saa za ofisi zinaubana mpangilio huo, maana mlo mkubwa wa Bengal ni wa mchana. Watu hubeba wali na samaki kwenye vibakuli, halafu harufu ya haradali inajaa chumba cha chai na manung'uniko yanafuata. Naona afadhali kubeba dengu na mboga kavu siku za kazi, samaki akaliwe nyumbani usiku, na mlo kamili ukae Jumapili. Tena samaki aliwe kwa mkono. Vidole ndivyo vinavyouona mwiba, uma hauoni. Na mchele uwe ule uliochemshwa na ganda lake kabla ya kukobolewa, unaochujwa maji ukiiva. Basmati ni ya biriani na wageni.

Onyo moja kwa walio Ghuba. Posto, zile mbegu za mmea wa afyuni zinazosagwa kupikia viazi, ni marufuku Falme za Kiarabu na Saudi Arabia, na Singapore zinadhibitiwa vikali. Hata kifuko kidogo ndani ya sanduku kinaweza kukuingiza matatani uwanja wa ndege. Mwambie mapema mama anayekufungia mizigo Kolkata. Ufuta mweupe na korosho chache, vikilowekwa na kusagwa pamoja, vinatoa rojo lenye uzito unaofanana.

Na ukimenya mung'unye, usitupe maganda. Yaoshe, yakate nyuzinyuzi nyembamba, yachemshe dakika tano uyakamue. Pasha kijiko kimoja na nusu cha mafuta ya haradali, tia robo kijiko cha chai cha habasoda na pilipili mbili, kisha maganda, chumvi na chembe ya sukari. Geuza kwa moto wa wastani mpaka yakauke na ncha zianze kuwa kahawia. Yakibaki na maji yanakuwa matelezi, kwa hiyo usifunike.