Porto ya vinteji: tuilaze wenyewe, au tununue iliyokwisha lazwa na wengine?

Shemeji yangu anayeishi Leicester alinipigia simu mwezi wa tano, ana pauni 400 na zinamwasha. Kaonyeshwa kasha la chupa 6 za Porto ya vinteji, yaani mvinyo mtamu na mkali wa Ureno wa zao la mwaka mmoja, changa kabisa, ya kampuni yenye jina, na muuzaji kamhakikishia kwamba ikilala miaka 20 itageuka mali. Nikamwambia kwa hela hiyo hiyo anaweza kupata leo chupa nne au tano za 1983 au 1985, ambazo mtu mwingine kazilaza miaka 40 bila kumdai yeye senti ya ghala, na moja akaifungua Jumamosi. Akanyamaza kidogo.

"Sasa shem, kama ni hivyo, hao wanaonunua changa ni wajinga?"

Wajinga wapo, lakini si wote, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Tuanze na kinachouzwa. Sisi na mvinyo huu tuna undugu wa maneno: mvinyo ni "vinho" ya Wareno, kasha ni "caixa" yao, na pipa ni pipa lao lile lile. Kule bonde la Douro, kaskazini mwa Ureno, wakulima bado wanahesabu mavuno kwa mapipa, lita 550 kwa pipa. Mipaka ya bonde hilo iliwekwa kwa amri mwaka 1756, wakati wa Marquês de Pombal, ili mtu asilete mvinyo wa kwingine akauita wa Douro. Zabibu zikishakanyagwa na maji yake kuanza kuchachuka, kabla sukari haijaisha wanamimina humo pombe kali ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77 hivi. Chachu inakufa, utamu unabaki, na mvinyo unatulia kwenye asilimia 20 ya kilevi. Aliyezoea Dompo ya Dodoma hatashangazwa na utamu. Kitakachomshangaza ni bei.

Porto nyingi hukomaa ndani ya mapipa kule kule Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Porto, na hutoka ikiwa tayari kunywewa. Vinteji haiko hivyo. Ni zao la mwaka mmoja, la zabibu bora za mwaka huo, linalokaa pipani miaka miwili mitatu tu, kisha linatiwa chupani bila kuchujwa. Kukua kwake kwote kunabaki kufanyika ndani ya chupa, gizani, miaka 20 hadi 40 na zaidi. Wala si kila mwaka kampuni zinatangaza kwamba zao lake ni la vinteji. Kwa kawaida ni kama mara tatu kwa miaka kumi, na mvinyo lazima upite kwanza mbele ya waonjaji wa IVDP, taasisi inayosimamia mvinyo wa bonde hilo.

Hapo kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Porto ya tawny, ile inayozeekea pipani miaka 10, 20 au 40, gharama ya kuikuza anaibeba mwenye kampuni: ghala ni lake, muda ni wake, na mvinyo unaopotea kwa mvuke ni wake pia. Kwenye vinteji mzigo huo anatwishwa mnunuzi. Kampuni inaizaa, wewe unailea. Mpango huu ulipatana na Waingereza wa zamani wenye majumba ya mawe, ambao chini ya nyumba walikuwa na stoo ya baridi isiyowagharimu chochote. Mtoto wa ubatizo akizaliwa, bwana ananunua pipa zima la mwaka huo, kama chupa 700, analilaza, na kijana anakabidhiwa akifika miaka 21. Shemeji yangu anaishi kwenye fleti ghorofa ya tatu.

Kwa hiyo tupige hesabu, kwa namba za mfano tu. Kasha la chupa 6 ni pauni 400. Ghala linatoza, tuseme, pauni 12 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni pauni 240. Zile 400 zenyewe, kama zingewekwa mahali zinapozaa asilimia 4 kila mwaka, zingekuwa zimefika 876 hivi. Jumla ni pauni 1,116. Gawa kwa 6: kila chupa imekula pauni 186, na kizibo bado hakijaguswa. Ukiuza mnadani, dalali anakata chake. Ukitoa kwenye ghala la forodha ili unywe, ndipo ushuru wa Uingereza unapokukuta, zaidi ya pauni 4 kwa chupa yenye kilevi cha asilimia 20, na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 20 juu yake.

Je, Porto ya vinteji yenye miaka 20 inauzwa pauni 186? Angalia mazao ya 2000 na 2003, yaliyotangazwa na karibu kampuni zote kubwa. Chache sana zinafika karibu na hapo. Nyingi zinauzwa bei inayofanana na ile waliyotozwa wanunuzi wa mazao ya 2016 na 2017 siku mvinyo ulipotoka. Za 1980, 1983 na 1985 hali ni hiyo hiyo, na ukienda kwenye majina yasiyopigiwa tarumbeta, kama Smith Woodhouse au Gould Campbell, ambayo ni ya familia ya Symington wenye kampuni za Graham's, Dow's na Warre's, unaweza kulipa pungufu ya bei ya kinda, yaani chupa changa.

Sababu si siri. Desturi ya kukaa mezani baada ya chakula, na chupa ya Porto ikizungushwa mkono wa kushoto hadi iishe, imepungua. Waliojaza stoo zao miaka ya 1970 na 1980 wanazeeka au wameshafariki, na warithi wao hawaoni haja ya makasha 30 ya kitu kitamu chenye asilimia 20. Yanapelekwa mnadani. Bei ya mnada haitokani na kazi ya miaka 40 iliyofanyika ndani ya chupa. Inatokana na watu wangapi wameinua mkono siku hiyo.

Mpaka hapo upande wangu unajulikana. Lakini upande wa pili nao una hoja, na mojawapo inaniuma.

Ya kwanza ni asili ya chupa. Ukinunua kinda kutoka kwa mwagizaji na likaenda moja kwa moja kwenye ghala la nyuzi 12 au 13, unaijua historia yake yote. Chupa ya 1985 unayoinunua mnadani inaweza kuwa imelala pazuri, au imesimama juu ya kabati karibu na jiko la mtu kwa miaka kumi. Mpaka zao la 1970 mambo yalikuwa na utata zaidi, kwa sababu mvinyo mwingi ulisafirishwa kwa mapipa na kutiwa chupani Uingereza na wafanyabiashara mbalimbali, kila mmoja kwa mkono wake. Baada ya hapo ilikuja sheria kwamba vinteji itiwe chupani Ureno tu.

Ya pili: zipo zilizopanda kweli. Vinteji za 1994 za kampuni za Taylor's na Fonseca zilipewa alama 100 na jarida la Wine Spectator, likazifanya mvinyo bora wa mwaka 1997. Dow's ya 2011 ilipata heshima hiyo mwaka 2014. Aliyekuwa nazo kabla ya matangazo alicheka. Nacional ya Quinta do Noval, inayotoka kwenye kijishamba cha mizabibu isiyopandikizwa juu ya shina la Kimarekani, hiyo ni dunia nyingine kabisa na hainihusu mimi wala shemeji. Ila nani angejua mapema? Hata wenye fani wanateleza. Kampuni ya Cockburn's hawakutangaza 1977, mwaka ambao karibu wenzao wote waliutangaza na kuusifu. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 familia ya Symington ilichagua 1991, Taylor's na Fonseca wakachagua 1992. Walikuwa wanatazama mto mmoja na mvua moja, na kila upande ukaona mwaka wake. Anayekuambia leo kasha lipi litapanda mara tatu anakupa matumaini yake, na kayatia bei.

Ya tatu ndiyo inayoniuma, kwa sababu inanivunjia nusu ya hoja. Vinteji za siku hizi zinanyweka zikiwa changa. Zamani kinda lilikuwa kama kutafuna gome, na pombe kali iliyotumika haikuwa ya kuchagua. Uhuru wa wazalishaji kuchagua pombe hiyo ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tofauti inaonekana mdomoni. Nimewahi kuonja za 2016 na 2017 zikiwa na miaka michache tu: weusi wa wino, matunda yamejaa, utamu umeshikwa na ukali kama embe bichi na pilipili. Mtu akiniambia ananunua chupa mbili changa anywe mwaka huu na ujao, sina neno. Achelewe kidogo tu, mvinyo utajifunga, na kuanzia mwaka wa tano hivi mpaka wa kumi na tano unaweza kuwa bubu, si kinda si mzee. Ni kipindi ambacho watu wengi wanafungua na kujiuliza kilichowafanya walipe.

Kwa hiyo nikirudi kwa shemeji, ushauri wangu haukubadilika: nunua iliyokomaa, ila nunua kwa macho. Tazama mvinyo umefika wapi ndani ya chupa. Ukiwa bado shingoni, vizuri. Ukishuka hadi mabegani, uliza maswali au acha. Lebo yenye madoa ya unyevu isikutishe, maana unyevu ndio unaofanya kizibo kisikauke. Chokaa nyeupe iliyopakwa ubavuni mwa chupa za zamani si uchafu. Ni alama ya upande unaopaswa kuwa juu inapolala, ili mashapo yasihame. Bei ya mnada isome pamoja na ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi inavuka asilimia 20. Watu wanashinda chupa kwa pauni 50 na kulipa zaidi ya 60.

Na kuna mlango wa pembeni ambao mimi naupenda kuliko yote. Mwaka ambao kampuni haikutangaza vinteji yake kuu, mara nyingi hutoa vinteji ya shamba moja: Graham's hutoa Quinta dos Malvedos, Taylor's hutoa Quinta de Vargellas, Dow's hutoa Quinta do Bomfim. Ni mashamba yale yale yanayoipa vinteji kuu uti wake wa mgongo. Baadhi ya hizi kampuni yenyewe inazilaza miaka kadhaa kabla ya kuziuza, na bei iko chini kwa sababu tu mwaka wenyewe hauna sifa. Hapo mzigo wa kulea umerudi kwa mzazi.

Mwaka mpya uliopita nilifungua 1985 moja, na shemeji huyo huyo alikuwepo. Niliisimamisha tangu juzi yake ili mashapo yashuke. Kizibo kilikatika katikati, na kipande cha chini kikamumunyuka kama mkate wa mofa uliolala siku tatu. Hilo ni la kawaida kwa umri huo. Tuliumimina polepole kupitia kichujio cha chai, shemeji akimulika shingo ya chupa kwa tochi ya simu kutokea chini, mpaka uzi mweusi ulipoanza kutambaa begani. Nikaacha. Kilichobaki ndani kilikuwa kama mashapo ya kahawa chungu kikombeni. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya juisi ya rozela iliyoyeyukiwa na barafu, na harufu ya tini kavu, ngozi ya kiatu kipya, na halua iliyoshika moto kidogo pembeni. Tuliimaliza kesho yake, kwa sababu vinteji ya umri huo ikishafunguliwa haingoji wiki.

Kwa wanaosoma wakiwa Dar, Tanga au Mombasa, suala la kulaza halina pande mbili. Nyuzi 32 mwezi wa Januari zinaupika mvinyo, kizibo kinasukumwa nje, na kiyoyozi kinafanya kazi mpaka LUKU iishe. Nunueni tawny ya miaka 10 au 20. Imeshazeeka, haina mashapo, inanywewa baridi kidogo, na ikishafunguliwa inakaa friji wiki kadhaa bila kulalamika.

Shemeji hakununua lile kasha. Alichukua Malvedos mbili na 1983 moja, na chenji akamnunulia mke wake viatu. Juzi kaniuliza kwa nini mimi ninalo kasha changa ghalani, kama hesabu zangu ni za kweli. Ninalo, la 2017, mwaka aliozaliwa binti wa dada yangu. Nililinunua najua kwamba sitarudisha hela hiyo, na dada yangu hata mvinyo hanywi. Bili ya ghala ilikuja mwezi wa tatu, imepanda tena. Nimelipa.