Danbury Trashers: nani alilipia burudani ile?

Mwaka 2004, James Galante, tajiri wa uzoaji taka katika mji wa Danbury, jimbo la Connecticut nchini Marekani, alinunua timu ya hoki ya barafuni kwa takribani dola 500,000, akamkabidhi mwanawe A.J. aiendeshe. A.J. alikuwa na miaka 17. Timu ikaitwa Trashers, na kwa kuwa fedha yote ilitoka kwenye taka, nembo ikawa pipa la taka lenye uso wa shari. Ilicheza misimu miwili tu. Kiangazi cha 2006 Galante alikamatwa pamoja na wenzake zaidi ya ishirini, na timu ikafa naye.

Tangu Netflix walipotoa filamu ya hali halisi kuhusu timu hiyo mwaka 2021, mashabiki wamegawanyika. Wapo wanaosema baba yule aliuchangamsha mji uliokuwa umelala, serikali ikaja kuuharibia starehe. Wengine wanasema yalikuwa magendo mwanzo mwisho, yaliyovishwa jezi. Ninavyoona mimi, kambi zote mbili zimeng'ang'ania kosa dogo na kuliacha kubwa lipite.

Wanaoitetea hawana hoja nyepesi. Ligi ya UHL, waliyochezea Trashers, ilikuwa ngazi kadhaa chini ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini; ni mahali ambapo wachezaji hulipwa kwa wiki, husafiri kwa basi usiku kucha, na timu hufa kimyakimya pasipo hata gazeti kuandika. Huko mtu anayeweka fedha yake mezani si wa kubezwa. Galante aligharamia upanuzi wa majukwaa ya uwanja wa Danbury, na watu wakaja. Sehemu ya 102 ya majukwaa hayo ilikuwa na mashabiki waliokuwa wakiwatukana wapinzani tangu wanapoingia kupasha misuli hadi wanapotoka.

Walichokifuata hasa ni ngumi. Katika hoki ya Amerika Kaskazini, wachezaji wawili wakivua glovu na kupigana, waamuzi huwaacha kwa muda, halafu kila mmoja hupewa dakika tano nje. Timu nyingi huwa na mbabe mmoja au wawili wa kazi hiyo. A.J. alijaza kikosi. Alimleta Brad Wingfield, maarufu kwa ngumi kuliko mabao, na Rumun Ndur, beki mzaliwa wa Zaria, Nigeria, aliyekwisha kucheza NHL.

Hata hivyo ni makosa kuwaita kundi la wahuni waliovaa viatu vya barafu. Brent Gretzky, mdogo wake Wayne Gretzky, nyota mkubwa wa hoki, alichezea Danbury. Mike Rupp, ambaye bao lake ndilo lililowapa New Jersey Devils Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mwaka 2003, alikuja pia, kwa kuwa msimu mzima wa 2004-05 wa NHL ulifutwa. Msimu wa pili Trashers walifika fainali ya UHL wakafungwa na Kalamazoo Wings. Kijana aliyekejeliwa kwamba kapewa timu kama mtoto anavyopewa mwanasesere alijenga kikosi cha fainali.

Lakini alikijenga kwa fedha ambayo wenzake hawakuruhusiwa kuitumia. UHL iliweka kikomo cha mishahara, takribani dola 275,000 kwa timu kwa msimu. Danbury walikuwa wakilipa karibu dola 750,000. Tofauti hiyo ilipitia kampuni za taka za Galante: mchezaji aliandikishwa kama mfanyakazi hewa, au mkewe ndiye aliyeandikishwa, na hundi ikatoka kila mara kwa kazi isiyofanywa na mtu. Waendesha mashtaka wa serikali kuu walilihesabu hilo kuwa ulaghai dhidi ya ligi.

Hapa watetezi hucheka. Mtu kufunguliwa kesi ya jinai kwa kuwalipa wachezaji vizuri? Kichekesho kinanoga zaidi ukikumbuka kwamba NHL ilifunga milango msimu ule ule kwa sababu matajiri wake walitaka kikomo cha mishahara na wachezaji wakakataa. Nakiri kwamba kwa mchezaji wa ligi ya chini mwenye goti bovu na watoto wawili, hundi ya ziada haikuwa dhambi yake. Ila kikomo kile hakikuwekwa kumkomoa mchezaji. Kiliwekwa ili timu ya mji kama Flint au Port Huron iweze kushindana bila kufilisika. Danbury walipokivunja, walioumia ni wamiliki wadogo walioamini kuwa wote wanafuata kanuni moja. Kosa ni kosa, ingawa peke yake lingetosha faini na kunyang'anywa pointi.

Kubwa ni chanzo cha fedha yenyewe. Wazoa taka wa eneo lile, Galante akiwa kinara, walikuwa wamegawana wateja. Duka la piza likishakuwa mteja wa kampuni fulani, ni lake. Mwenye duka akipiga simu kwingine kutafuta bei nafuu, kampuni ya pili ilimkatalia au ilimtajia bei ya juu zaidi, ili abaki alipo. Ili mpango huo usivurugwe, Galante alikuwa akimpelekea Matthew Ianniello, mkubwa wa genge la kimafia la Genovese, dola 30,000 kila miezi mitatu. Mwaka 2008 alikiri makosa, likiwemo la kikomo cha mishahara, akahukumiwa miezi 87 jela na kusalimisha hisa zake katika kampuni 25.

Kwa hiyo anaposifiwa kuwa aliupa mji timu kutoka mfukoni mwake, mimi nauliza mfuko ulijazwa na nani. Mwenye duka la piza aliyekaa Sehemu ya 102 alilipa mara mbili: tiketi mlangoni kwa hiari yake, na bili ya taka iliyopandishwa ambayo hakuwa na njia ya kuikwepa. Jirani yake asiyejua hoki ni nini alilipa ya taka tu. Raha ya mashabiki ilikuwa ya kweli, sina ubishi nayo, lakini hakuna aliyewauliza wateja wa taka kama wanataka kuwa wafadhili.

Inabaki hoja kwamba bila fedha ya aina ile Danbury isingekuwa na hoki. Rekodi haiko wazi upande wowote. Baada ya Trashers, timu ya Mad Hatters ilikuja 2008 ikadumu msimu mmoja. Whalers walicheza kuanzia 2010 hadi 2015, Titans wakafuata wakaondoka 2017. Timu za gharama nafuu nazo zilikufa, na moja ilikufa haraka kuliko Trashers. Lakini uwanja haukukosa mpangaji kwa muda mrefu. Danbury Hat Tricks walianza mwaka 2019 katika FPHL, ligi nyingine ya ngazi ya chini, na 2023 wakatwaa ubingwa wa ligi hiyo. Trashers, kwa mishahara yao yote ya juu na ya chini ya meza, hawakuwahi kutwaa wao.