“Asile chakula”: Paulo alikuwa anamwambia nani?

Mstari wa 2 Wathesalonike 3:10 umegeuzwa fimbo. Anapigwa nao kijana aliyezunguka na vyeti hadi soli zikaisha, anapigwa nao mjane anayebisha hodi ofisi ya kanisa. Lakini waraka unasema “ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula”. Msemo wa mitaani, “asiyefanya kazi na asile”, umelidondosha neno “hataki”, nalo ndilo linalobeba amri yote.

Thesalonike ulikuwa mji mkuu wa jimbo la Kirumi la Makedonia, wenye bandari na barabara kuu ya Egnatia. Matendo 17 inataja sabato tatu tu za mafundisho ya Paulo katika sinagogi, ingawa huenda alikaa zaidi, maana alifanya kazi usiku na mchana (1 Thes. 2:9) na Wafilipi walimpelekea msaada zaidi ya mara moja (Flp. 4:16). Ghasia zikazuka, Yasoni, mwenyeji wao, akatozwa dhamana, Paulo na Sila wakatoroshwa usiku. Waraka wa kwanza uliandikwa yapata mwaka 50 au 51, kwa kanisa lenye umri wa miezi, lililoonewa na majirani na tayari limeshazika watu.

Kwa nini baadhi waliacha kazi? Jibu lililozoeleka ni kwamba walingoja kurudi kwa Bwana, wakaona jembe na nyundo havina maana tena. Lina nguvu: 2 Thes. 2:2 inataja watu waliofadhaishwa na habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo. Wengine wanaelekeza kidole kwenye ufadhili wa Kirumi. Mtu wa chini alikwenda asubuhi kumwamkia tajiri wake, akapata chakula au fedha, naye akamlipa kwa kumshangilia na kuingia katika magomvi yake. Picha hiyo inaoana na 3:11, inayowataja wasio na shughuli zao wenyewe na wanaojishughulisha na mambo ya wengine.

Udhaifu wa jibu la pili ni kwamba hakuna mstari unaomtaja mfadhili. Hata hivyo naliona zito zaidi. Paulo anasema agizo hilo aliwapa alipokuwa bado kwao, kabla ya fadhaa ile, na waraka hauunganishi popote uvivu na siku ya Bwana. (Wako wataalamu wanaoona waraka wa pili si wa Paulo; lakini hata waraka wa kwanza, 4:11-12, unahimiza kazi ya mikono ili wasiwe na haja ya kitu.)

Watu hao waraka unawaita wanaoenda “bila utaratibu” (3:6, 11), na neno hilo la Kigiriki lilitumika kwa askari aliyetoka kwenye safu. Linaonekana pia katika mkataba wa mwaka 66 kutoka Oxyrhynchus, Misri: baba anamweka mwanawe kwa mfumaji kwa mwaka mmoja, na siku ambazo kijana hatafika kazini zitafidiwa mwisho wa mwaka. Anayelengwa ni aliye na nafasi ya kazi akaiacha. Asiye na nafasi hayumo.

Kwa kamati ya huruma, ile inayogawa misaada ya kanisa, 1 Thes. 5:14 ndiyo inayosaidia kuliko yote, kwa sababu inatenga watu watatu na dawa tatu: wasiokaa kwa utaratibu waonywe, walio dhaifu watiwe moyo, wanyonge watiwe nguvu. Kosa la kawaida ni kumpa mnyonge dawa ya mtoro. Lipo na la upande wa pili, nalo halisemwi sana: kamati inayoogopa kuonekana katili inamlisha miaka mtu aliyekataa kibarua mara tatu, hadi mfuko unakauka siku mgonjwa anapofika. Kwa hiyo swali la kwanza liwe “ulipata kazi gani ukaiacha, na kwa nini?”, na jibu lithibitishwe na jirani au kiongozi wa jumuiya kabla ya kukata msaada.

Na anayekatiwa bado ni wa nyumbani. Mistari mitano tu baada ya “asile”, waraka unaagiza asihesabiwe adui, aonywe kama ndugu.