Nyanya Yangu Alikuwa Mfinyanzi, Andikeni Hivyo

Mwenzangu kazini, hapa Stoke-on-Trent, Uingereza, amekuja na kikombe alichokifinyanga mwenyewe. Kimeinama upande mmoja, mkono wake umekaa vibaya, na sina hakika kama kinashika chai. Zamu nzima ikakipigia makofi. Analipa darasa la jioni ili achafue mikono! Nami nilipiga makofi, lakini roho iliniuma kwa ajili ya mtu mwingine.

Mji huu umekula kwa udongo. Josiah Wedgwood alianza kazi yake Burslem, humu humu mjini, mwaka 1759, na ukitoka stesheni ya treni unamkuta ng'ambo, sanamu ya shaba ya mwaka 1863, ameshika chombo mkononi. Mfinyanzi, jamani. Mara ya kwanza kumwona nilicheka peke yangu barabarani.

Dani wetu, yaani nyanya kwa Kijaluo, kule Gem, Kenya, alifinyanga tangu alipoolewa. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha, kama wafinyanzi wengi wa kwetu. Kiangazi alishuka bondeni kuchimba udongo, akaukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika. Gurudumu hakuwa nalo. Alipandisha misokoto ya udongo mmoja juu ya mwingine, akakwangua kwa kipande cha kibuyu, akaviringisha kamba ya kusuka shingoni mwa chungu ili iache alama, akamalizia kwa jiwe la mtoni ambalo hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kuligusa. Ukiokota kigae shambani, alama ile ilikwambia ni chake. Kuchoma kulikuwa alfajiri, kabla upepo haujaamka: kuni, nyasi, samadi, na sisi watoto tumefukuzwa mbali. Chungu kikipasuka motoni kilisikika hadi jikoni. Dani hakusema neno. Alikuwa akipiga hesabu ya ada. Watoto saba walisomeshwa na moto ule na soko la Luanda, jirani na Gem.

Sasa sikilizeni. Alipofariki, mazishi niliyatazama kwenye simu. Hema za kukodi, vipaza sauti, ng'ombe wawili, wasifu wa kurasa nne za rangi. Wasifu ukataja digrii za wajukuu. Ukanitaja mimi, "yuko Uingereza", kana kwamba hicho ni cheo. Ukataja chama cha akina mama kanisani. Kazi ya marehemu: mkulima na mama wa nyumbani. Chungu hata kimoja hakikusomwa.

Najua mtakachosema. "Ameonja baridi ya Wazungu, sasa anatufundisha mila." Au, "Hela za hema si ulituma wewe?" Nilituma, na wasifu niliuona ukiwa umeshachapishwa. Kuna atakayesema nasifia umaskini. Sitaki mtoto wa mtu arudi kubeba dapi, chungu cha maji, kichwani! Dani mwenyewe alinunua mtungi wa plastiki mara tu bei ilipomfikia, akasema shingo yake imeshukuru. Ila maji ya kunywa yalibaki kwenye dapi, kwa kuwa chungu hutoa jasho: maji kidogo hupenya ukutani, hukauka kwa nje, na joto huondoka nayo. Mjomba alimletea friji kutoka Kisumu. Kwa stima mnayoijua, friji ikawa kabati la nguo za kanisa.

Wala msiniambie hawa Waingereza wanathamini udongo wao tu. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, hufinyanga bila gurudumu. Vyungu vyake vimo British Museum, na mwaka 2020 alipewa heshima ya Dame hapa Uingereza. Sisi dapi tunaipangia foleni na watoto wa shule kwenye boma la mfano pale Makumbusho ya Kisumu, kisha ile ya nyanya nyumbani tunanyweshea kuku.

Huku nako si peponi. Viwanda vingi vya vyombo vilishafungwa, na hawa wazee ninaowaogesha wanalalamika kutwa. Lakini kila mmoja faili lake linasema alikuwa nani. Huyu alichora maua kwenye sahani, yule alipanga vikombe tanuruni. Nikimgeuza kitandani najua nimeshika mikono ya fundi gani.

Sasa familia inachanga kuweka vigae kaburini. Nimesema nitatoa fungu langu na zaidi, mradi chini ya jina paandikwe: Mfinyanzi. Binamu ananijibu kwenye kundi la WhatsApp kwamba fundi hutoza kwa herufi, na "Mama Mpendwa" imeshalipiwa. Ni herufi tisa tu, ndugu yangu. Nitume kwa M-Pesa au kwa benki?