Lita Tisa

Mtwara kuchele! Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, mtu anayelala Mtwara na kufanya kazi Lindi ameshatoka nje, hajapiga mswaki, hajavaa shati, anakwenda kuchungulia taa ya waya wa chaji ya gari lake la umeme. Ikiwa ya kijani, Mungu mkubwa. Ikiwa nyekundu, siku imeharibika kabla ya chai.

Halafu anatokea mjuaji anakwambia: aa, si gari lako lina injini ya petroli pia? Wewe huna wasiwasi. Kumbe gari la umeme tupu lina wasiwasi mmoja tu. Hili lina wawili, tena wamepanga chumba kimoja.

Tuelewane tunazungumzia gari gani. Ni BMW i3 iliyotumika, ile yenye jina la ziada REx. Injini yake haigusi tairi hata kidogo. Inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na mota iliyoko nyuma ndiyo inayosukuma. Injini yenyewe ni silinda mbili, cc 647, imetolewa kwenye skuta, BMW C 650 GT. Cc 647 ni bajaji tatu zikichangiana. Na tenki lake lita tisa. Tisa! Hapo Mikindani kuna akina mama wana dumu la mafuta ya taa kubwa kuliko hilo. Tena usilichanganye na Nissan Note e-Power, ambayo mwenyewe anatamba mtaani kwamba ana gari la umeme. Mwombe akuoneshe pa kuchomeka uone atakavyobadilisha mazungumzo. Ile haina soketi, kila kitu inakula petroli.

Sasa hesabu. Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 108 kwa barabara ya Mnazi Mmoja na Mingoyo. Kwenda na kurudi, 216. Toleo la kwanza la gari hili, betri ya Ah 60 (ampea-saa, kipimo cha ukubwa wa betri), likiwa jipya linakupa uniti 18.8 za kutumia. Likishazeeka kidogo tuseme limebaki na 16. Ukitembea 80 na kiyoyozi kimewashwa, linakula uniti 14 au 15 kwa kila kilomita 100. Piga hesabu mwenyewe: umeme unakaribia kuisha ukiwa maeneo ya Ngongo, Lindi unaiona kwa macho, na hapo nyuma inaanza kunguruma kama mashine ya kusaga iliyofungiwa kabatini. Abiria uliyempa lifti anakushika mkono: "Kaka, gari linataka kufa!" Halifi. Chaji imeshuka kwenye asilimia sita hivi, injini imejiwasha yenyewe. Lakini mweleze mtu huyo uone kama mtafika hujamaliza.

Ukikanyaga 110 ili umwoneshe mwenye Noah kuwa umeme una nguvu, basi hesabu yote hiyo ifute, injini itaamka kabla hata ya Mingoyo. Kwenye gari hili upepo ndio adui, kuliko mlima. Ndiyo maana rafiki wa kweli barabarani ni lori la makaa ya mawe. Wengine wote wanalilaani, wanapiga honi, wanachungulia pa kulipita. Wewe kaa nyuma yake kwa nafasi ya kutosha, 60 hadi 70, redio taratibu, unafika Mtwara na chaji hujui uipeleke wapi. Na matuta ya vijijini, Madangwa na kwingineko, yale yanayowatukanisha wenzako, wewe ukiachia tu mguu gari linapunguza mwendo lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri. Pedi za breki zinakaa hadi zinashika kutu.

Petroli ikihitajika ndipo maigizo yanapoanza. Unaingia kituoni, kijana wa pampu anakwenda nyuma kulia, anafungua kifuniko, anaona matundu ya umeme, anaganda na bomba mkononi. Shuka upesi kabla hajajaribu! Hapo ni pa chaji. Pa mafuta ni mbele kulia, juu ya tairi. Tena hapafunguki kwa kusukuma. Tenki lina mgandamizo wa mvuke, lazima ubonyeze kitufe ndani ya gari, usubiri linapumua, dashibodi ikiruhusu ndipo kifuniko kinaachia. Foleni nyuma yako inapiga honi, bodaboda wanakuita mzungu, na ukishasubiri yote hayo unaagiza lita sita na kitu. Kijana anakuangalia kama umemkosea adabu.

Na hapa nitoe ushauri ambao wenye magari haya wanajifunza wakiwa wamechelewa. Usisubiri chaji iishe ndipo injini ifanye kazi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya yana sehemu kwenye menyu ya kushikilia chaji, ukishashuka chini ya asilimia 75 unaiwasha injini mapema, inalinda kiwango hicho. Yale ya Marekani yamefungiwa hiyo kwa programu. Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu injini hii inatoa kilowati 25 tu. Tambarare zinatosha. Lakini kapande Newala ukitokea Masasi, betri iko chini, watu wanne, magunia mawili ya korosho nyuma: mota inataka zaidi ya kinachozalishwa, akiba hakuna, gari linanywea hadi mwenye baiskeli anakusalimia kwa jina.

Basi umefika kazini. Ili urudi bila kuchoma petroli unahitaji soketi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3, kwa saa nane ni uniti 18 na ushee, toa zinazopotea njiani, zinaingia 16. Betri yako iliyozeeka imejaa barabara. Hesabu nzuri sana, kasoro yake moja: inamtegemea bosi. Simu ya kila mfanyakazi imechomekwa ukutani, birika la ofisi linachemka tangu asubuhi, hakuna anayesema. Chomeka gari siku moja, kikao kinaitishwa. Mhasibu anauliza ni uniti ngapi. Mwambie ukweli, ni uniti 18, kama shilingi 6,500 kwa bei ya uniti kumi kwa 3,570 hivi. Jitolee kulipa. Ukisema "kidogo tu", utapelekwa ukachomeke kwa mlinzi, na soketi ya kwa mlinzi haina ethi, ule waya wa kwenda ardhini.

Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu hapo katikati umepoteza kilomita 40 za kurudi. Hizo ni lita mbili na nusu za petroli, kama 7,500 lita ikiwa 3,000. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, mitambo inanguruma hapa hapa kwetu, na bado unakaa Lindi saa nane mchana unaangalia feni iliyosimama na kusikiliza pesa yako ikigeuka petroli.

Na hata hivyo, tusidanganyane, ndiyo maana watu hawaliuzi: gari la kawaida linalokula lita nane kwa kilomita 100 lingemeza zaidi ya elfu 50 kwa siku kwenye safari hiyo, kwa bei hiyo ya petroli. Hili, ukilipa umeme wa pande zote mbili, ni kama elfu 13. Nung'unika, lakini nung'unika ukiwa ndani.

Tatizo kubwa ni kununua. Muuzaji wa Dar atakwambia betri ni asilimia mia. Aliipima na nini? Fanya hivi. Gari likiwa limewashwa, shikilia kitufe cha kufutia hesabu ya safari kwa sekunde kama 10 hadi itokee menyu ya siri. Nenda namba 10 ya kufungulia. Weka jumla ya tarakimu tano za mwisho za namba ya chesisi, yaani 12345 inakuwa 15. Ikifunguka nenda namba 13, palipoandikwa BMS, tafuta "Batt. Kapa. max". Namba hiyo ndiyo uniti zilizobaki. Kwenye Ah 60 ukikuta 16, bei ianzie hapo. Ukikuta 13, mwachie atembelee mwenyewe. Kwa Lindi na Mtwara kila siku, ukiweza tafuta ile ya Ah 94, ina uniti 27 za kutumia, ingawa kuijaza kwa soketi ya kawaida ni zaidi ya saa 13, na usiku wetu hauna urefu huo.

Kisha washa kiyoyozi. Hakipoi? Muuzaji atatamka ile sentensi ambayo wauzaji wote wa nchi hii wamefundishwa darasa moja: "Hiyo ni gesi tu, bosi." Kimbia. Kwenye gari hili gesi ya kiyoyozi ndiyo inayopoza na betri. Kompresa ikisagika ndani inatapika chembe za chuma kwenye mabomba yote hadi chini ya betri, na kwa bili yake ungenunua shamba la mikorosho. Na hata kama kweli ni gesi, fundi wa mtaani asiongeze mafuta ya kompresa aliyozoea ya PAG. Kompresa ya umeme inataka POE, yale yasiyopitisha umeme. Akichanganya, gari linahisi umeme wa volti zaidi ya 350 unavuja, linajizima kwa usalama. Halafu fundi anasema gari lina jini.

Waya za rangi ya chungwa haziguswi. Basi.

Betri ndogo ya volti 12 nayo, mbele chini ya boneti, Ah 20 hivi, saizi ya mkate. Joto la huku linaimaliza mapema. Ikifa, uniti 16 zimelala chini ya makalio yako na gari haliwaki. Ibadilishe kabla haijakuaibisha, na weka ya aina ya AGM, ile isiyomwaga asidi, usiweke ya pikipiki kwa sababu "inaingia". Jirani akija na waya anataka umwashie Fuso yake, mwambie betri yako ni ya kuwashia taa.

Tairi nilitaka nisizitaje maana zinatia hasira. 155/70 R19 mbele, nyuma REx inavaa 175/60 R19. Nyembamba kama za baiskeli, ndefu kama za trekta. Zunguka Lindi nzima, kila duka watakuletea kwanza R15, kisha R16, kisha watakuuliza kama umesoma vizuri. Agiza Dar mbili za akiba kabla hujaanza safari, kwani gari halina spea, lina chupa ya dawa na pampu. Dawa hiyo haisaidii tairi lililochanika ubavu kwenye mchepuko wa kokoto. Na fundi pancha asiweke jeki popote anapoona pameinuka. Katikati yote ni betri.

Kuegesha je? Chini ya mnazi hapana! Paa ni la nyuzi za kaboni, bodi ya nje plastiki. Nazi ikishuka, fundi wa kunyoosha bodi hana cha kunyoosha. Chini ya mkorosho ni nafuu, mabibo yanachafua tu, ila Oktoba utafuatwa na nyuki hadi Mingoyo.

Nyumbani sasa. Gari likitoka Uingereza waya wake unaingia soketi zetu za pini tatu. Likitoka Japan utabadilisha kichwa, na usome kwanza kibandiko cha kisanduku kama kinaruhusu volti 240. Lakini soketi ya sebuleni, ile inayobeba friji na tivii, haikutengenezwa kubeba ampea 10 saa tisa mfululizo. Inayeyuka taratibu, unasikia harufu ya plastiki unadhani jirani anachoma taka. Mwambie fundi umeme avute waya wa milimita nne kutoka kwenye breka yake pekee, soketi nzuri, na kinga ya kukata umeme ukivuja. Ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu usiikaribishe, ikikunjwa inajipika. Chaji kuanzia saa nne usiku watu wakishazima pasi; jioni volti zikishuka 190, zile saa tisa za kuchaji zinakuwa kumi na moja. Na kama mita yenu ni ile ya bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, zote zinaisha siku ya nne, mama mkwe aliyekuja kupumzika anaanza kuhesabu taa.

Halafu ethi. Waya wa chaji unapima ethi kabla haujatoa umeme. Isiposhika, taa nyekundu, gari limekataa. Mchanga wa Mtwara kiangazi umekauka, ule mchuma wa futi nne uliochomekwa na fundi wa harakaharaka haugusi unyevu wowote. Dawa ya kudumu ni kuzamisha mrefu zaidi, au miwili ikiunganishwa. Dawa ya usiku huu ni ndoo ya maji. Unamwagilia taratibu kuzunguka mchuma, unasubiri dakika kumi, unachomeka tena, kijani. Ukifanya hivyo kila siku saa nne usiku jirani lazima aje kwenye ua, akusimamie, akuulize umepanda nini hapo. Mwambie mnazi. Ukimwambia chuma, mtakesha.